Kofia ya Sufu ya Mtoto Njiti

Haya jamani, sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni, ama ingia ama toka, unatuzibia upepo. Na wewe unayetafuna, tafuna taratibu, mie siwezi kushindana na meno ya mtu. Nataka kuwasimulia siku niliyoogopa kuliko zote. Na mie si mwoga, mnanijua. Papa potwe aliwahi kuninyanyua na ngalawa yangu nikakaa mgongoni mwake kama mtu aliyepanda punda, nikavuta na sigara, sikuogopa. Wimbi liliwahi kunitupa mpaka Rufiji, nikanywa chai kule, wimbi jingine likanirudisha, sikuogopa. Lakini kichwa cha mtoto mchanga kisicho na kofia, wallahi, kile kilinitetemesha mpaka magoti yakawa yanagongana kama njugu kwenye kopo.

Ilikuwa miaka hii ya hifadhi ya bahari. Boti ya watu wa hifadhi inapita, wanakagua nyavu, wanapima matundu, na sisi Ndagoni tumeshazoea. Kazi yangu ni kushona nyavu. Shule sikwenda, darasani niliingia mara moja tu, kumpelekea mwalimu samaki wake. Lakini uzi naujua. Uzi hauwezi kunidanganya. Nauchoma ncha kwa kiberiti: wa nailoni unayeyuka unafanya kidonge kigumu, wa pamba unawaka unabaki jivu. Mkumbuke hilo.

Sasa, kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Baridi mpaka kuku walikuwa wanalalia mayai si kwa kutaka vifaranga, wanataka joto tu. Na katikati ya kipupwe hicho mke wangu akajifungua kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike. Njiti. Mdogo, jamani, sikwambieni uongo, nilikuwa namwona mkubwa kidogo tu kuliko samaki aina ya changu, tena changu wa kukaanga. Ngozi yake nyembamba, ukimwinua kwenye mwanga unaona mishipa kama nyuzi zangu. Analia, lakini kilio chake hakivuki pazia.

Muuguzi wa zahanati akamfundisha mke wangu kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kanga asitoke. Akatuambia, "Huyu hana mafuta mwilini. Joto lake linatokea kichwani. Mfunikeni kichwa muda wote."

Tumfunike na nini? Nyumbani hatuna hata leso ya mtoto. Nanyi mnajua sababu. Kwetu nguo ya mtoto hainunuliwi akiwa tumboni. Ukinunua soksi kabla hajazaliwa, unakuwa kama umemtangaza, na kuna wasikilizaji wabaya. Mama mkwe wangu alikuwa mkali kwa hilo mpaka nilipotaja neno "kitanda" tu alinifukuza uani. Basi mtoto amekuja mapema, amekuta nyumba tupu kama msikiti saa nne asubuhi.

Jirani akatuazima kofia. Ya nailoni, rangi ya jaketi la kuogelea, ina kidude cha manyoya juu kama mkia wa sungura. Tukamvisha. Kufika adhuhuri paji la uso limejaa vipele vyekundu, kichwa kimelowa jasho, na lile jasho likapoa juu yake. Nilipomgusa utosi nilihisi nimegusa samaki aliyetoka kwenye barafu. Mdomo wake umekuwa wa samawati.  

Nikakimbia zahanati. Muuguzi akaniambia, "Vueni hiyo. Tafuta kofia ya sufu halisi, manyoya ya kondoo, isiyotiwa rangi wala madawa. Sufu inashika joto, na hata ikilowa haimpozi."

"Nikiipata basi?"

"Na imkae sawasawa, baba. Ikibana ni mbaya. Na ikipwaya ni mbaya zaidi. Inamtelezea puani, na huyu hana nguvu ya kuiondoa."

Wallahi, lile neno la puani nilirudi nalo. Njia nzima ya kurudi naona kofia inateremka, inateremka, inafunika pua ndogo ile kama kichwa cha kiberiti, na sisi tumelala.

Nikafika nyumbani, nikatoa uzi mfukoni. Mie fundi wa nyavu, uzi hautoki mfukoni. Nikainama kifuani kwa mke wangu nimpime mtoto kichwa. Mama mkwe akanidaka mkono kwa nguvu, nikasikia kifupa kinalia.

"Unafanya nini?"

"Nampima, mama. Kofia."

"Kwa uzi? Amelala, macho kayafumba, unampima kwa uzi? Nani kwetu anapimwa kwa uzi akiwa amelala? Sema!"

 Anayepimwa hivyo ni mmoja tu, yule anayekwenda kuchimbiwa kaburi. Uzi nikautupa nje ya dirisha, nikatema mate, nikaomba msamaha kwa Mungu na kwa mama mkwe, na sijui nani kati yao nilimwogopa zaidi.

Sasa nifanyeje? Kumpeleka mtoto mjini Kilindoni akajaribu kofia mwenyewe haiwezekani, hajatoka arobaini, na ile baridi ya njiani ingemmaliza kabla hatujafika Miburani. Nikatoka uani nikakaa, kichwa mikononi. Mbele yangu mnazi. Chini ya mnazi vitale vimeanguka, zile nazi changa ambazo hazijafika hata kuwa dafu, vimetapakaa kama vichwa vya watoto.

Nikainuka taratibu, nisije nikalitisha wazo likakimbia.

Nikaokota vitale nikavipeleka ndani. Mke wangu akafumba macho, kiganja kimoja kimeshika kichwa cha mtoto, kiganja kingine kinapokea kitale.

"Kikubwa hicho. Hicho cha ukoo wenu."

Nikampa kingine.

"Kidogo. Huyu si panya."

Nikatoka, nikarudi. Kingine. Kingine. Mama mkwe mlangoni anasema, "Leo mtamaliza shamba la watu." Mpaka kikafika kimoja, mke wangu akakishika. Akakizungusha. Machozi yakamtoka macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Ndiye huyu," akasema.

Hakusema "ndicho hiki". Akakifunga mwenyewe kwa kanga yake ya kujifungulia, vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mbebe vizuri, baba. Usimwangushe."

Basi nikapanda pikipiki kwenda Kilindoni nimekumbatia kitale. Na mkono jamani una akili yake. Ulikwenda wenyewe ukashika kile kitale kisogoni. Manyunyu yakaanza, nikakifunika. Pikipiki ikiruka shimo, mie nasema, "Pole, pole mama." Dereva akageuka kunitazama, nikamwambia angalia mbele. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba kitu kikikipata kitale kile, na kule nyumbani kitatokea kitu. Mchekeni anayeogopa, lakini kajaribuni kukaa na njiti ndani.

Nikaanzia kwenye mitumba. Kofia zipo chungu nzima. Kuna ya masikio ya paka, kuna yenye maandishi, kuna moja kubwa ingenitosha mie na ukoo. Nikachomoa uzi wa ile ya kwanza, nikawasha kiberiti. Ukayeyuka, kidonge. Ya pili, kidonge. Ya tatu nilikosea kidogo, ikashika moto yenyewe, mwenye meza akaruka juu yake na kandambili zake kama anacheza ngoma.

"Mzee, umetumwa uje uniunguze?"

"Natafuta kondoo, kaka."

"Katafute machinjioni!"

Nikatoka pale. Kipupwe kinapuliza, na mie nahesabu kwa moyo tu: sasa hivi yuko kichwa wazi, sasa hivi wamemfunga kipande cha kanga, kanga imelowa, imepoa. Nikaingia duka la nguo la mama mmoja, babu zake walitoka Bara Hindi, yeye kazaliwa hapa hapa Kilindoni, Muislamu mwenzetu, anatania kwa Kiswahili kuliko bibi zangu. Dukani kwake mnanunua kanga za harusi, mnanunua sare za shule, na msiba ukitokea mnanunua bafta ya sanda. Kisiwa kizima kinamjua kwa hayo yote matatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Akatazama kile nilichokumbatia. Uso ukambadilika. Akasogea taratibu akanigusa mkono. "Pole, mwanangu. Pole sana. Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike, mama."

"Njiti?"

"Njiti."

Akashusha pumzi, akageuka, akavuta lile jora la bafta nyeupe, akachukua mkasi.

"Mama, mie nataka kofia."

Mkasi ukasimama hewani. "Kofia?"

"Ya sufu. Asipate baridi."

Yule mama akanitazama kwa huruma, akaona mtu ameshachanganyikiwa. Nami nikafungua kanga.

"Astaghfirullah! Nazi!"

Nikamweleza yote, uzi, mama mkwe, vipele, pua. Akacheka, akacheka mpaka miwani ikamdondokea kwenye kapu la vifungo. Halafu akaacha kucheka ghafla, akafuta macho, akasema, "Leo hatutakosea. Kilete hapa juu."

Akatoa mfuko kutoka chini ya kaunta. Dada yake kaolewa Njombe, huko kwenye baridi na kondoo, anamletea sufu, na yeye jioni anafuma. Haijatiwa rangi, ipo kama chai ya maziwa. Akanipa kipande cha uzi. Nikauchoma. Haukuyeyuka. Ukajikunja, ukanuka kama kichwa cha mtu aliyekaa karibu mno na kibatari. Mwenzenu nikaivuta ile harufu mbaya kama marashi.

Tukaanza kumvisha. Kofia ya kwanza ikabana, ikaacha alama kwenye ganda. "Hii inamuumiza," akasema. Ya pili ikaingia vizuri, nami nikashangilia, yeye akasema, "Ngoja. Pua iko wapi?" Akachukua chaki ya fundi cherehani, akakichora kitale macho, akachora pua, akachora na kidomo. Jamani! Nilikuwa naogopa nazi isiyo na uso. Sasa ina uso, inanitazama. Akakitikisa kile kitale kama mtoto anayehangaika usingizini. Kofia ikateremka. Ikafunika macho. Ikafika puani.

Nilipiga kelele. Sina la kuficha. Nilipiga kelele, "Mwanangu!" nikaing'oa ile kofia, nikakikumbatia kitale palepale mlangoni pa duka, machozi yananitoka njia mbili.

Na hapo hapo akapita mchuuzi wa samaki wa kwetu Ndagoni, juu ya pikipiki yake, matenga matupu nyuma. Akapunguza mwendo. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Akainamisha kichwa, akavuta moto akaondoka mbio. Nikasema moyoni, huyu naye, kuuza pweza mara mbili tu, kiburi kishamwingia.

Kofia ya tatu ilikuwa na ukosi uliokunjwa chini, na vikamba viwili laini vya kufunga kidevuni bila kubana. Mama akaivisha, akapitisha kidole, kikapita. Akakitikisa kitale, akakipindua kichwa chini, akakilaza ubavu, akakipuliza. Kofia haikusogea. Pua ya chaki ipo wazi, nyeupe, inapumua kama yetu.

"Hii," akasema.

"Hii," nikasema. Nikailipia, nikamwachia kitale kofia yake kichwani ili isipoteze umbo, nikafunga kanga, nikatafuta pikipiki. Na pikipiki siku hiyo zikawa zimepotea zote, nikangoja na manyunyu mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Sasa nisikilizeni hapa.

Nafika kijijini, naona mikeka mbele ya nyumba yangu. Juu ya mikeka, wanaume. Wamekaa kimya, kofia kichwani, hakuna anayevuta sigara, hakuna anayemkebehi mwenzake. Mnajua Ndagoni, wanaume wakikaa pamoja wakawa kimya, ni jambo moja tu.

 Nakwambieni sikushuka kwenye pikipiki, nilimwagika. Nikasema, nimechelewa. Nilikuwa nachagua. Mie nimekaa dukani nachagua kofia, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwanangu huku kichwa wazi. Dunia ikawa haina sauti, nasikia moyo tu, unapiga kama mashine ya boti ikikosa mafuta.

Mchuuzi wa samaki akawa wa kwanza kuja. Akanishika mabega. "Inna lillahi, kaka. Pole sana. Mwachie Mungu."

 Nikauliza jambo moja tu, kwa sauti ambayo hata mie sikuijua: "Mama yake?"

"Hajui. Hatukumwambia. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Hajui!  Amefia kifuani mwake, na mwenyewe bado kamkumbatia, bado anampa joto, hajui? Na mie ndiye niingie nimwambie? Nikatazama lile pazia la mlango, nikatamani papa potwe animeze na ngalawa yangu na nyavu zangu zote.

Akainuka mzee mmoja, ndiye anayetuoshea maiti wetu pale kijijini, akanyoosha mikono. "Tupe mtoto, baba. Umembeba vya kutosha."

Nami, kwa wazimu wa saa ile, nikampa. Sikuuliza mtoto gani. Mchana kutwa nilikuwa nimembeba.

Yule mzee akapokea kama anavyopokea, taratibu, bismillahi mdomoni, akakaa mkekani, akafunua kanga usoni. Akaona kofia. Akaona macho meupe ya chaki yanamtazama, na kidomo kinacheka.

"Wamembadilisha!" akapiga ukelele. "Wamembadilisha mtoto wa watu wakaweka nazi!"

Ndugu zangu, sijapata kuona mkeka ukibaki mtupu haraka vile. Mmoja aliruka ua wa makuti bila kuugusa. Mwingine alipanda mnazi, na mtu yule ana mguu mbovu tangu utoto. Mchuuzi alikuwa anasoma aya zote anazozijua na nyingine alizozitunga palepale. Kitale kikabingirika mkekani, kofia yake haikusogea.

Na katika makelele yale, nyuma ya pazia, nikasikia sauti nyembamba. Nyembamba kama uzi wa kushonea. Inalia.

Nikafikiri ni masikio yangu tu. Ikalia tena. Mama mkwe akafunua pazia, macho yanawaka. "Nyie wanaume mna nini? Tangu mchana mmekaa hapa kama bundi, mtoto kalala mnamwamsha! Na wewe, kofia iko wapi? Anapoa!"

Anapoa. Aliye hai ndiye anayepoa. Nilichukua ile kofia kichwani mwa kitale, sijui nilifungua vikamba kwa vidole au kwa meno, nikaingia. Mke wangu amelala vilevile, mtoto kifuani, kichwani kafungwa kipande cha kanga kilicholowa. Nikakivua, nikamvisha sufu. Mke wangu akanishikia kiwiko. Ikaingia. Nikapitisha kidole, kikapita. Nikamsogeza ubavu kidogo, haikuteremka. Pua ipo wazi. Nikaweka sikio langu pale puani, nikakaa hivyo, siondoki, nasikiliza ule upepo mdogo unaingia na kutoka, unaingia na kutoka. Mke wangu akaweka kiganja juu ya kofia. Baada ya muda akasema, "Pameanza kupata joto." Nami nikalia kwa mara ya pili siku ile, safari hii kwa raha zangu.

Nilipotoka nje watu walikuwa wamerudi mmoja mmoja, wengine bado wanakizunguka kitale kwa mbali. Mchuuzi akawa anajitetea: "Sasa mie nifikirie nini? Nimemwona kwenye duka la sanda, mtoto hajatoka arobaini, kamfunika kanga gubigubi, analia, bafta imeshavutwa, mkasi uko juu yake! Mngefikiria nini nyinyi?" 

Hapo ndipo akatokea jirani yangu kutoka upande wa makaburini. Jembe begani, tope mpaka kiunoni, jasho linamtoka na kipupwe chote kile. Yeye alitumwa mapema, hakuna aliyekumbuka kumfuata. Akatutazama tunacheka mbele ya msiba, akasema kazi tayari, mleteni maiti kabla ya magharibi. Tukamwambia hakuna maiti, mtoto mzima, yuko ndani kavaa kofia, habari aliileta mchuuzi bila kuuliza.

Jirani akashusha jembe. Akamtazama mchuuzi, juu mpaka chini, kama fundi anayekadiria mbao.

"Basi aingie mleta habari!" akafoka. "Nimechimba fupi, lakini akikunja magoti anaenea!"